Pete ya Bakuli la Ukwaju

Leo asubuhi nimefuta kitu ambacho sikupaswa kukifuta, na nataka nikusimulie upesi, kabla sijaanza kutafuta maneno ya kujitetea. Maana mimi kwa kujitetea sijambo.

Mashine ya marehemu babu imenifikia juzi. Nyumba yetu ya zamani kule Mji Mkongwe inafanyiwa matengenezo makubwa, na vitu vilivyolala ukumbi wa chini miaka yote hii vimetolewa nje kimoja kimoja. Wengine katika familia wamechukua makabati na vioo. Mimi niliomba mashine ya kupasulia mbao: meza ya chuma inayomfikia mtoto kifuani, yenye mwanya katikati ambamo msumeno wa duara huchomoza. Watu wanne waliibeba mpaka kwenye gari, kisha kutoka kwenye gari mpaka kwenye banda langu la uani hapa Mlandege. Walipoitua, mmoja wao alijifuta jasho, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi, dada?"

Ningeweza kumwambia kuwa fundi ni mimi. Nilimwambia fundi anakuja.

Banda lenyewe ni la mabati, lina sakafu ya saruji na dirisha moja linalotazama kamba ya kuanikia nguo. Vifaa vyangu vimepangwa ukutani kwa ukubwa, na kila kimoja nimekichorea umbo lake kwa penseli, ili kikihama nijue. Randa zangu zinang'aa kiasi cha kujitazamia ukivaa mtandio. Kazi nimejifundisha mwenyewe, kwa video za kwenye simu na kwa kuharibu mbao za watu na zangu, na nikwambie jambo ambalo wateja siwaambii: mwaka huu nimesugua vifaa siku nyingi kuliko siku nilizokata mbao. Chuma ukikisugua hakikulaumu. Mbao ukishaikata umeshaikata.

Kwa hiyo unaweza kufikiria furaha niliyokuwa nayo kwa kupata meza nzima ya chuma iliyojaa kutu. Nilianza na brashi, nikaja na kitambaa cha mafuta ya taa, nikamalizia na msasa laini. Kutu ilitoka kama unga wa binzari, na chini yake chuma kikaanza kunitazama, cha kijivu, kizito, kizuri. Isipokuwa konani, upande wa mkono wa kulia. Hapo palikuwa na alama nyeusi ya mviringo, kama pete, ya ukubwa wa kitako cha bakuli. Nilisugua, haikutoka. Nikabadilisha msasa, haikutoka. Jana nililala nikiiwaza. Leo baada ya chai nikairudia, kwani niliona ni aibu mashine nzima ing'ae halafu kona moja iwe na doa kubwa namna ile. Baada ya saa nzima vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na ile pete ilikuwa imeanza kukubali: ikafifia upande mmoja, ikakatika, ikabaki nusu.

Hapo nikapumzika kidogo ili niyeyushe nta.

Nta ya nyuki ikipata moto ina harufu ambayo siwezi kukuelezea ila kwa kusema kwamba inanuka kama Alhamisi. Nilikwenda nayo jikoni, nikaiyeyusha ndani ya kopo la maziwa lililokaa kwenye sufuria ya maji, nikaitia tapentaini na matone mawili ya mafuta ya karafuu, kwa mazoea tu. Nikarudi bandani mbio, kopo likiniunguza kupitia kitambaa. Na mkono wangu, bila ya mimi kuutuma, ukalitua konani, juu ya ile pete. Si katikati ya meza wala kwenye benchi. Pale pale.

Nikabaki nimesimama. Mkono ulikuwa unakumbuka. Mimi ndiye niliyesahau.

Nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa na waume wengi wa kufikirika lakini mmoja tu wa kweli, naye ni babu. Kwetu babu na mjukuu wa kike hutaniana hivyo, na nyumba yetu ilikuwa haina siku ya utani na siku ya kazi. Babu akiniita mke mdogo. Bibi akiniita mke mwenzangu, na akinituma dukani husema, "Mke mwenzangu, leo zamu yako kumtazama mumeo. Mie nshachoka naye tangu hujazaliwa." Nami huitika "Naam!" kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeolewa na sultani.

Tulikaa ghorofa ya kwanza, na ukumbi wa chini ulikuwa karakana ya babu. Ukishuka ngazi ulianza kuisikia kwa pua kabla hujaiona: mbao za mninga na za mkungu, gundi, maranda yaliyopata unyevu. Mlango ulifunguka kwenye kichochoro chembamba, na kwenye kichochoro hicho upepo wa pwani ulipita mchana kutwa ukiwa na chumvi yake. Chumvi hiyo ilikula bawaba na makufuli, hata sufuria za bibi zilizotundikwa. Babu alipigana nayo kwa nta.

Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri alikuwa hakati tena mbao. Ijumaa hakufungua kabisa, kwa hiyo Alhamisi mchana ilikuwa, kwa maneno yake, siku ya mashine kuoga. Kwanza huchomoa waya wa umeme ukutani, akanionyesha ncha yake.

"Umeuona?"

"Nimeuona."

"Uko wapi?"

"Mkononi mwako, babu."

Huutundika kwenye msumari, juu kabisa nisikofika, na hapo tu ndipo nilipopewa ruhusa ya kusogea. Tukifagia maranda. Tukipangusa meza kwa kitambaa cha mafuta ya taa. Penye madoa ya kutu tukipitisha msasa, mimi upande wangu na yeye upande wake. Wakati huo nta inayeyuka uani, kwenye seredani ya bibi, jiko lake la makaa. Nta yenyewe ilitoka shamba, kwa jamaa zake bibi upande wa Kizimbani, ikija imefungwa kwa jani la mgomba kama mkate. Babu akishaiepua na kuiweka mbali na moto huitia tapentaini, akaikoroga kwa kijiti, kisha akadondosha matone mawili ya mafuta ya karafuu.

"Mashine hainusi," bibi humwambia.

"Mie nnanusa," humjibu.

Nta ikishapoa na kuwa laini kama samli, tukiipaka kwa vipande vya kanga kuukuu, kwa kuzungusha mkono. Halafu tukiiacha ikauke. Huo ndio uliokuwa muda mtamu kuliko yote, maana hakukuwa na la kufanya ila kukaa barazani, babu na kahawa yake, mimi na kashata yangu, tukingojea chuma kivae ukungu. Mwisho tukiifuta kwa kitambaa kikavu mpaka ing'ae, na babu huchukua kibao kidogo, akakiweka ukingoni, akanambia nikisukume kwa kidole kimoja. Kibao kikiteleza mpaka kikaanguka upande wa pili, yeye husema, "Haya, ishaoga," na wiki ya kazi imekwisha.

Mimi sikuwa naridhika. Nataka ulijue hilo mapema, kwa sababu ndiyo maradhi yangu mpaka leo. Kwenye meza ile palikuwa na vidoadoa vya zamani, vya rangi ya kahawa, ambavyo msasa haukuviondoa. Babu aliviona kama unavyoyaona madoa ya uzeeni kwenye mkono wa mtu unayempenda. Mimi niliviona usingizini. Nilikuwa mtoto wa kufuta ukurasa mzima wa daftari kwa sababu ya herufi moja iliyopinda. Mwalimu wangu wa skuli alikuwa akinambia, "Wewe utatoboa daftari siku moja," na kweli nililitoboa.

Sasa, mwaka huo, wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani, karakana ilijaa mbuzi. Unajua mwezi ule unavyokula nazi: futari ya muhogo, ya ndizi mbivu, maharagwe, kisamvu, kila kitu kina tui. Basi mtaa mzima ulileta mbuzi zake za kukunia nazi zitengenezwe. Nyingine zimevunjika kiti, nyingine zimelegea meno. Ya bibi nayo ilikuwa imepasuka, na babu alikuwa hajaigusa, kama ilivyo kawaida ya mafundi na vitu vya nyumbani kwao.

"Mtaa mzima utakuna nazi," bibi alisema, "mie ntakuna kwa meno."

Babu akanigeukia. "Mke mdogo, jee, unaweza kumtengenezea mwenzako mbuzi?"

Mpaka siku hiyo nilikuwa nimefagia, nimepangusa, nimepaka. Mbao ilikuwa bado haijapita mikononi mwangu.

"Alhamisi hii," akasema, "mashine utaiogesha weye, peke yako. Jumamosi tukifungua ntakiweka kibao. Kikiteleza kwa kidole kimoja, tunapasua mbuzi ya bibi yako mie nawe. Kikikwama, tunangoja mpaka Mfunguo Mosi."

Mfunguo Mosi ni baada ya Ramadhani. Ilikuwa kama kuambiwa mpaka nizeeke.

Alhamisi ilipofika bibi naye alikuwa na usafi wake. Kila mwaka kabla ya mwezi alishusha vyombo vya shaba, sinia mbili na mdila wa kahawa, akavisugua kwa ukwaju uliorowekwa na majivu, kisha akashuka chini kuisugua misumari ya shaba ya mlangoni. Nilimwona akiipitishia ukwaju, na misumari iliyokuwa myeusi ikawa inawaka kama imetoka kufuliwa siku hiyo. Akamaliza, akapanda juu kupumzika, akaacha bakuli la ukwaju kwenye ngazi.

Babu alichomoa waya, akautundika, akanionyesha kila kitu kilipo, akaenda msikitini kwa sala ya alasiri. Nikabaki mimi na mashine.

Nilifanya kila hatua kwa mpango wake, wallahi. Nilifagia, nikapangusa, nikapitisha msasa. Vidoadoa vile vikanitazama. Nami nikalitazama bakuli.

Nilianza na kidoa kimoja tu. Nilipaka ukwaju kwa kidole, nikasugua kwa kipande cha kanga, na kidoa kikaondoka! Sijui kama nishawahi kuwa na furaha kama ile. Nikapaka cha pili, cha tatu, halafu nikaona kwa nini nibague, nikaumwaga ukwaju meza nzima na kuusugua mpaka mabega yakaniuma. Nilipopangusa kwa kitambaa kibichi, chuma kilikuwa cheupe. Cheupe kabisa, kama samaki wa asubuhi. Hakuna doa hata moja. Nilizunguka ile mashine mara tatu nikiisifu.

Kisha nikachukua kopo la nta, nikapaka kidogo ukingoni kujaribu, na pale nilipopaka pakafifia. Ndiyo, nta ikishakauka na kufutwa hurudisha mng'aro, nilijua. Lakini kusubiri kule sikukuweza, na kufifisha uzuri ule kwa mkono wangu mwenyewe sikukuweza pia. Nikaifuta ile kidogo niliyopaka. Nikalirudisha kopo rafuni, likiwa limejaa.

Nikasikia mwendo wa kubadhi za babu kichochoroni. Bakuli la ukwaju lilikuwa bado juu ya mashine, kitako chake kimelowa, na sikuwa na pa kulificha. Nikalivuta lile turubai la kufunikia mashine, nikafunika kila kitu, bakuli na yote.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ushaiogesha?"

"Naam."

"Ushapaka nta?"

Hapa nikwambie kwa unyoofu: nilikuwa na nafasi. Babu hakuwa mtu wa kupiga. Ningesema sijapaka, angecheka, tungepaka pamoja, na hadithi hii isingekuwepo.

"Naam," nikasema.

Alitazama turubai, akanitazama mimi. "Haya. Jumamosi inshaallah."

Ijumaa ile ilikuwa ndefu kuliko mwezi mzima wa kufunga. Kwanza nilikuwa na fahari, halafu ile fahari ikageuka. Niliikumbuka nta iliyojaa kopo. Nilikumbuka bakuli. Wakati wa chakula cha mchana bibi alipakua pilau, na ndani ya kachumbari mlikuwa na ukwaju, nikaisogeza sahani yangu pembeni. Mara mbili nilishuka ngazi ili nikalitoe bakuli, na mara mbili nikakuta mlango wa karakana umefungwa na ufunguo uko kiunoni kwa babu, kwenye mkunjo wa kikoi chake.

"Mke mwenzangu ana homa?" bibi aliuliza.

"Ana mbuzi," babu akajibu.

Jumamosi asubuhi babu alifungua mlango, akachukua kile kibao kidogo, akakipuliza vumbi. Mimi nilisimama nyuma yake. Akashika ncha ya turubai na kulivuta.

Meza nzima ilikuwa rangi ya machungwa. Kutu mbichi, laini, imetanda kutoka ukingo mpaka ukingo kama mtu ameimwagia binzari. Na konani, limekaa kwa heshima zake, bakuli la bibi.

Babu aliliinua bakuli, akalinusa. Chini yake palikuwa na pete nyeusi, imezama ndani ya chuma. Akapitisha kidole mezani, akakitazama kile kidole, akakionja kwa ncha ya ulimi. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia, kilio kile cha kimya cha mtoto anayejua hana utetezi.

Kisha babu akaenda chini ya ngazi, akapaza sauti. "Mke mkubwa! Hebu shuka uone! Mke mdogo kaiunga mashine kwa ukwaju!"

Bibi akashuka na mwiko mkononi. Akatazama. Akazunguka. "Loo! Na chumvi katia?"

"Nshaonja. Haikukolea."

"Maskini, hakuwa na wa kumfunza. Mchuzi wa chuma lazima utie pilipili."

Walicheka mpaka babu akakaa juu ya maranda. Jirani yetu, mzee wa Kihindi mwenye duka la misumari na makufuli mlango wa pili, akachungulia, miwani yake ikiwa kwenye paji la uso. "Fundi, nnasikia leo kwako mnapika. Mchele nlete mie?" Alipoiona mashine akapiga kofi la mshangao, akaondoka, akarudi na furushi la waya wa kusugulia masufuria. "Hii kwa yule mpishi," akasema, akanikabidhi mimi.

Sikuwa nacheka. "Nimeiharibu," nilisema. "Nimesema uongo na nimeiharibu."

Babu alipanguza macho yake. "La kwanza kweli. Uongo umesema, na mie nliujua Alhamisi. Kopo nililiacha limejaa, nikalikuta limejaa." "La pili si kweli. Hii ni kutu. Kutu tunaitoa kila wiki. Weye umetuletea ya wiki nyingi kwa siku moja, basi."

"Lakini ilikuwa nzuri! Ilikuwa nyeupe!"

"Mie sikukwambia uipambe, mke wangu. Nlikwambia uipake nta."

Bibi ndiye aliyejua dawa ya ukwaju. Alileta majivu makavu ya seredani, tukayasugua kwanza ili ile asidi ife, ndipo tukaingia na mafuta ya taa na waya wa jirani. Tulisugua sote wanne. Jirani aliacha duka lake na kusugua kona yake akiwa amevaa shati jeupe, akitoa habari za mtaa. Bibi alisugua akilaumu. Babu aliimba kitu kisichokuwa na maneno. Mpaka adhana ya adhuhuri meza ilikuwa imerudi, rangi yake ya kijivu ya zamani, na vile vidoadoa vyote vya kahawa vikiwa vimejitokeza upya kama wageni waliosahau mwavuli. Pete ya bakuli haikutoka.

Tukapaka nta. Tukangoja ivae ukungu. Siku hiyo nilipewa kahawa, nusu kikombe, kwa mara ya kwanza. Tukafuta. Babu akaweka kibao, nami nikakisukuma kwa kidole kimoja, na kibao kikaenda, kikaenda, kikaanguka upande wa pili kikilia ko! kwenye sakafu.

"Ishaoga," bibi akasema, kabla ya babu.

Mbao ilipita mikononi mwangu alasiri ile. Mikono ya babu ilikuwa juu ya mikono yangu, lakini niliuhisi ule mtetemo wa mashine ukipanda mpaka kwenye magego, na unga wa mninga ukaniingia puani na kwenye nyusi. Mguu mmoja wa mbuzi niliukata mfupi. Upana wa kidole kimoja, si zaidi, kwa sababu nilifumba macho. Tulipoiunga na kuisimamisha sakafuni ikayumba. Nikataka ivunjwe tuanze upya. Babu akasema mwezi unaandama keshokutwa na mbao hiyo imekwisha.

Bibi akaikalia. Ikaenda mbele, ikarudi nyuma. Akashika nusu ya nazi, akaanza kukuna, na kila alipokuna mbuzi ilicheza naye, ko-ko, ko-ko, mpaka akaanza kucheka mwenyewe. "Mke mwenzangu," akasema, "hii inanibembeza." Ramadhani nzima nilisikia mlio ule ukitoka jikoni kila baada ya alasiri, na baada ya Ramadhani pia, mwaka hadi mwaka.

Nami niliendelea kuisumbua pete. Kila Alhamisi niliomba msasa mkali zaidi. Siku moja babu akaniuliza, "Mbao inapita juu yake?"

"Inapita."

"Basi iache." Akalichukua kopo la nta lililokuwa bado lina moto, akalitua juu ya ile pete, nalo likakaa sawasawa, kama pameumbiwa. Tangu siku hiyo hapo ndipo palipokuwa pake. Yeye ambaye alikuwa haruhusu hata penseli ilale juu ya mashine.

Babu alifariki nikiwa na miaka kumi na mbili. Karakana ikafungwa, mashine ikafunikwa turubai, na hakukuwa tena na Alhamisi. Jirani wa misumari naye alifunga duka, watoto wake wakamchukua. Mlango wake sasa unauza viungo kwa watalii, kwenye vikapu vidogo vilivyofungwa utepe. Mbuzi ya bibi, siku tulipohamia huku, tuliikuta imeshaliwa na mchwa. Nazi siku hizi hukunwa kwa mashine sokoni, unarudi nayo ndani ya mfuko, na nyumba haisikii kitu.

Lakini bibi tunaye. Yuko hapa hapa, chumba cha mbele, macho yamepungua na ulimi haujapungua hata kidogo. Mume wetu tulishamzika, ila uke wenza umebaki. Leo, nilipokuwa nimesimama pale na kopo, nikiitazama nusu ya pete niliyoifuta, nikiwa karibu kulia kama mtoto wa miaka minane, sauti yake ilitoka uani.

"Mke mwenzangu!"

"Naam!"

"Nnanusa karafuu. Yule fundi uliyesema anakuja, keshakuja?"

Kumbe alisikia. Nikatazama banda langu, vifaa vyangu vinavyong'aa na mbao zangu zilizoegemezwa ukutani tangu mwaka jana, zisizoguswa.

"Keshakuja, bibi."

"Basi mwambie nnataka mbuzi. Ramadhani iko mlangoni, na tui la sokoni mie silitaki. Na mwambie asinitengenezee hizi za siku hizi zilizosimama kama askari. Nshazoea kubembezwa."

Nimepaka nta meza yote, isipokuwa pale lilipokaa kopo. Nimeisubiri ivae ukungu, nikanywa kahawa, nikaifuta. Kibao kimeteleza kwa kidole kimoja. Pete imebaki nusu, na nusu niliyoifuta siwezi kuirudisha, nami nimeshajilaumu vya kutosha kwa siku moja. Kopo likikaa juu yake, halijui tofauti. Sasa nimeshusha ubao wa mninga ukutani na nimewasha mashine, nayo, baada ya miaka yote hiyo, imeitika. Miguu mitatu nimeipima mara mbili mbili. Wa nne nimeupima mara tano, kuhakikisha kwamba umepungua upana wa kidole kimoja kamili.